Kabla ya Sola, Pima Ndoo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina mgahawa Chumbageni, Tanga, meza kumi na mbili, huu mwaka wa sita. Kwa siku tunauza sahani kati ya 110 na 130: wali wa nazi, maharage, samaki wa kupaka, pweza, na jioni chapati na mishkaki. Napikia mkaa, magunia mawili kwa wiki, na mtungi mmoja wa gesi kwa ajili ya chai na mayai. Juzi walikuja wageni wawili, wakala, wakashukuru, halafu wakaniuliza mgahawa wangu unafanya nini kuhusu mazingira. Nikakosa la kujibu. Binti yangu yuko chuo, ananiambia nifunge sola na ninunue vifungashio vya karatasi. Nimeulizia bei, nguvu zimeniisha. Yapo mambo madogo ninayoweza kuanza nayo bila kukopa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Swali walilokuuliza hao wageni, hoteli nyingi kubwa hulijibu kwa kuchora jani la kijani kwenye menyu, basi. Wewe usibabaike. Mambo madogo yapo, na mengi yatakurudishia hela kabla mwezi haujaisha. Ila nina sharti: kwa wiki mbili za mwanzo usinunue kitu isipokuwa ndoo tatu, na mizani ya jikoni kama huna.

Ndoo ya kwanza iwe ya maandalizi: maganda, nyanya zilizooza, mchicha ulionyauka, matumbo ya samaki, machicha ya nazi. Ya pili ni ya chakula kilichopikwa kikakosa mnunuzi. Ya tatu ni ya kinachorudi kwenye sahani. Kila usiku, kabla ya kumwaga, ndoo ipimwe na namba iandikwe kwenye daftari, pamoja na neno moja au mawili ya kilichomo: wali, chapati ngumu, mifupa. Nakwambia utenganishe kwa sababu kila ndoo ina mwenyewe. Ya kwanza ni ya anayekwenda sokoni, ya pili ni ya mpishi, ya tatu ni ya anayepakua. Ukimimina zote kwenye pipa moja, wote watatu watakwambia ni wateja.

Mimi mwenyewe niliwahi kusema ni wateja. Miaka kadhaa nyuma nilisimamia jiko la mgahawa mmoja hapa hapa mjini, na ndoo ya sahani ilikuwa inatoka na kilo saba za wali kila siku. Nikawa nalalamika kuwa watu wa siku hizi hawali, wanachezea chakula. Muosha vyombo wetu, kijana mkimya ambaye hakuna aliyekuwa akimuuliza kitu, akaniambia siku moja, "Bosi, ni tangu lile bakuli lilipopasuka." Bakuli la kupimia wali lilikuwa limepasuka, mtu akanunua jingine soko la Mgandini, la rangi ileile, pana kidogo kuliko la kwanza. Nikalipima: lilikuwa linabeba gramu 110 zaidi. Kwa macho huwezi kuziona.

Sasa piga hesabu nami. Kilo moja ya mchele hutoa wali wa kilo mbili na nusu hadi tatu. Kilo saba za wali zinazomwagwa ni mchele wa kilo mbili na nusu hivi. Kwa siku 26 za kazi, umetupa zaidi ya kilo 60 za mchele, pamoja na nazi zake, chumvi yake, mkaa wake na jasho la aliyekaa juu ya mbuzi kuzikuna hizo nazi. Na habari haiishii kwenye pochi yako. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, katika ripoti yake ya mwaka 2024 lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 28 ya hicho kilitoka kwa watu wa kazi yetu: migahawa, hoteli, kantini. Kikishafika dampo na kufukiwa pasipo hewa, kinaoza na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Kwa hiyo mtu aliyebadilisha mirija ya plastiki akaweka ya karatasi, huku anamwaga kilo saba za wali kila siku, kwangu mimi huyo hajaanza.

Najua utakachoniambia. Tanga hapa ukimpakulia mtu wali kidogo umemtukana, na kesho habari zako zimeshafika Barabara ya 12. Kweli. Ndiyo maana usipunguze kimyakimya. Punguza bakuli, halafu mpe mhudumu sufuria ndogo ya wali wa moto apite nayo mezani: "Nikuongeze?" Nyongeza ni bure. Sisi tulipofanya hivyo, wachache tu ndio waliomwambia mhudumu aongeze, na waliobaki walijiona wamekirimiwa zaidi kuliko zamani walipoletewa kilima cha wali uliokwishapoa. Mabaki yakashuka mpaka chini ya kilo mbili. Sikununua chochote ila bakuli.

Ndoo ya pili dawa yake ni kupika mara mbili. Wapishi wengi wa mchana hupika wali wote kwa mkupuo saa nne, halafu wanaomba Mungu uishe. Pika theluthi mbili, na hiyo theluthi iliyobaki mchele uwe umeshaoshwa na tui limeshakamuliwa, vinasubiri. Saa saba angalia meza zako, ndipo uamue kuwasha. Siku ya mvua utaiona faida.

Kinachobaki hata hivyo kipozwe kwa akili. Wali una vimelea ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Ukiachwa kwenye sufuria kubwa juu ya meza mpaka usiku, huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia pana, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Asubuhi upashwe mara moja tu, mpaka utoe moshi kote. Kiporo cha namna hiyo na chai ya rangi kina wateja wake waaminifu, nami ni mmojawao, kikiwa na ukoko juu.

Ya kwanza, ya maganda na matumbo, huwezi kuimaliza, ila unaweza kuigawa. Machicha ya nazi na maganda ya mboga wachukue wafuga kuku na bata, na huwakosi mtaani kwako. Vichwa vya samaki ni mchuzi, maganda ya kamba ni supu. Anayevitupa anatupa ladha. Kwa kinachobaki tengeneza mboji, lakini hapa nisikilize vizuri maana nilishaumbuka. Nilichimba shimo nyuma ya jiko, nikatupia matumbo ya samaki na maganda ya maembe, mabichi matupu. Siku ya nne jirani alikuja na kanga puani. Nzi walikuwa wameufunika ukuta wote. Kosa langu lilikuwa kuweka bichi bila kavu. Kila ndoo moja ya taka bichi iwekee mbili za kavu: majani makavu, pumba ya mbao, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Igeuze kila wiki. Matumbo ya samaki yaende katikati ya lundo, yafunikwe, au uyape wavuvi wawekee mitego.

Sasa moto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu magunia mawili kwa wiki si jambo dogo.

Tanuri la udongo la porini hula kuni kilo sita hadi kumi ili litoe mkaa wa kilo moja. Gunia lako likiwa la kilo 50, basi wiki moja ya mgahawa wako ni zaidi ya nusu tani ya kuni. Sijui miti hiyo ilikatwa wapi, mkaa hauna cheti cha kuzaliwa. Ninachojua ni kwamba maji ya bomba la Tanga yanatoka Bwawa la Mabayani, nalo linajazwa na Mto Zigi unaoshuka kutoka misitu ya Usambara Mashariki. Kilima kikibaki kipara, mvua inashuka na tope, na kulisafisha tope hilo kuna gharama ambayo mwishowe ni yetu sote. Juu ya hilo kuna serikali. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi mwaka 2034. Wewe na sahani zako 120 uko ndani ya picha hiyo, hata kama leo hakuna aliyekugongea mlango.

Lakini kabla ya kubadili jiko, funika sufuria. Unacheka? Kuipandisha lita moja ya maji ya bomba, yenye nyuzi 28 hivi, mpaka ichemke kunataka kilojuli 300. Kuigeuza lita hiyohiyo iwe mvuke kunataka kilojuli 2,257, zaidi ya mara saba. Maana yake sufuria ya maharage iliyo wazi, inayotokota kwa kelele na kujaza mvuke jikoni, inatumia moto wako mwingi kulipikia paa. Na maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayochezacheza polepole. Yote ni nyuzi 100. Maharage yaloweke tangu usiku, yachemshe, funika, punguza moto mpaka kifuniko kicheze kidogo tu. Fanya hivi wiki moja kwa mkaa huohuo na uangalie gunia.

Baada ya hapo hamishia maharage na mchuzi kwenye gesi. Hivyo ndivyo vinavyokaa motoni muda mrefu, na ndivyo visivyojua tofauti. Moto wa gesi uwe wa bluu. Ukiona ncha za njano na masizi chini ya sufuria, matundu ya jiko yameziba, yasugue kwa brashi ya waya. Moto usizidi kitako cha sufuria, unaopanda ubavuni unapasha mikono ya mpishi. Na siku ukiletewa mtungi, upime. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa pale shingoni. Toa huo, kinachobaki ndiyo gesi uliyouziwa. Nimeshawahi kumrudishia mtu mtungi kwa mizani mkononi, tukaheshimiana kuanzia siku hiyo.

Ukija kupata hela, jiko la presha la umeme ndicho kitu cha kwanza ningekishauri, kwa maharage peke yake. Maharage yaliyolowekwa hayamalizi saa moja humo, na likishashika presha linajizima na kujiwasha lenyewe, halinywi umeme muda wote. Umeme wetu wa gridi siku hizi unategemea sana maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Ila usilinunue kabla daftari halijakwambia mkaa wako unaishia kwenye chungu gani.

Na wali? Mpishi wako atakwambia wali wa gesi haupaliki, na ana haki. Wali wa nazi wa kwetu bila makaa juu ya kifuniko haukauki sawasawa, punje hazisimami. Nina njia mbili. Ya kwanza: chemsha na ukaushie tui kwenye gesi, kisha umalizie kwa kupalia makaa machache, kiasi cha kujaza koleo moja, badala ya kuupikia mkaa tangu mwanzo. Ya pili ni kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa cha ukili, kipambe ndani kwa mito iliyoshonwa na kujazwa sufi au vitambaa vikuukuu. Tui likishakaribia kukauka, weka jani la mgomba juu ya wali, funika, sufuria iingie kikapuni, mto juu, iache dakika 40. Hakuna moto hata kidogo. Mara ya kwanza nilipofunua sikuamini. Mvuke ulinipiga usoni na wali ulikuwa umechambuka. Angalizo: ni kikapu cha kumalizia kupika, usikifanye ghala la kutwa. Chakula cha moto kikishuka chini ya nyuzi 60 vimelea huanza kazi.

Mishkaki na pweza wa kuchoma viache kwenye mkaa. Sitakudanganya, hakuna mteja wa Raskazone atakayekuja jioni kula mshikaki wa kwenye kikaango. Badilisha saa tu. Majiko mengi ya kuchomea huwashwa saa kumi, mteja wa kwanza anafika saa moja. Saa tatu za mkaa zimepepea bure. Washa saa kumi na mbili na nusu, anza na vifuu vya nazi ambavyo jiko lako linavitoa kila siku na vinashika moto upesi. Ukifunga, makaa yaliyobaki yatie kwenye debe lenye kifuniko kinachobana. Yakikosa hewa yatazimika, kesho utayaongezea mapya kidogo. Wengi huyamwagia maji au kuyaacha yawe majivu, na huo ni mkaa unaopotea bure.

Kwenye friji pana fedha nyingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua noti ya elfu moja, ibane kwenye mlango wa friji, ivute. Ikitoka kirahisi, mpira umelegea na baridi inavuja usiku na mchana; mpira mpya ni wa bei ndogo ukilinganisha na token za LUKU. Nyuma ya friji pawe na nafasi ya kiganja kutoka ukutani, na zile nyaya nyeusi zifutwe vumbi kila mwezi. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi ya upepo wa bahari, inakula chuma kimyakimya. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, friji kati ya sifuri na nne. Na fundi akija kuongeza gesi, mwulize kwanza ilitokea wapi ile ya zamani. Friji nyingi zina gesi iitwayo R-134a, na kilo moja yake ikitoroka hewani ni sawa na zaidi ya kilo 1,400 za hewa ya ukaa. Fundi anayejaza bila kuziba tundu anakuuzia hewa, nawe unaichafua anga. Friji mpya utakayonunua siku za usoni, tafuta yenye maandishi R-600a, gesi isiyopasha dunia joto kiasi hicho.

Samaki. Unaponunua soko la samaki la Deep Sea, mkono wako una nguvu kuliko mabango yote. Mwambao wetu uliteswa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Samaki wa baruti kwa nje anaweza kuonekana mzima, lakini mpasue: nyama laini isiyoshikana, damu imevilia tumboni, uti wa mgongo umevunjika. Ukimkuta, mrudishe mbele za watu. Pweza wa chini ya gramu 500 kanuni za uvuvi zinamkataza, na hata pasingekuwa na kanuni ni upuuzi kumnunua, kwa sababu pweza anakua upesi ajabu na mdogo akipikwa anasinyaa mpaka unaona haya kumpeleka mezani. Papa mimi nilimtoa kwenye menyu. Tanga ndiko kwenye silikanti, yule samaki ambaye dunia ilidhani alikwisha tangu enzi za dinosaria mpaka akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa kwetu alikuwa ananaswa kwenye nyavu za kina zinazotegwa kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Sikutaka chungu changu kiwe sababu ya nyavu hizo kushushwa.

La muhimu kuliko yote kwenye samaki: futa majina kwenye menyu ya kudumu. Ukiandika "changu wa kupaka", siku changu hakuna utalazimika kununua wa friza au wa mbali kwa bei mbaya. Andika "samaki wa leo" ubaoni kwa chaki. Bahari ikitoa vibua, pika vibua. Kibua wa kupaka, akiwa wa asubuhi ileile, na tui zito na ukwaju, hana wa kumdharau. Mboga nazo vivyo hivyo, fuata msimu. Karoti na kabichi za Lushoto zipo, machungwa ya Muheza yakifika wakati wake ni bei ya kutupa. Juisi ya kopo ya nini?

Maji nitayapita haraka. Usiyeyushe samaki chini ya bomba linalotiririka. Bomba la lita kumi kwa dakika likiachwa dakika ishirini limemwaga lita 200, na friji ingeifanya kazi hiyo usiku bure. Bomba linalodondoka liwekee jagi saa moja: likijaza lita moja, kwa mwaka ni lita 8,760. Sahani zikwanguliwe zikiwa kavu kabla ya kuoshwa. Maji ya kuoshea mchicha na mchele yapeleke kwenye ndimu yako hapo uani.

Mafuta ya kukaangia yasivuke nyuzi 180, yakitoa moshi yameshaharibika. Yachuje kila jioni kwa kitambaa, usiyanyunyizie chumvi ukiwa juu ya karai. Yakishakuwa meusi, yasiende kwenye mtaro kwa namna yoyote. Yataganda, yataziba, na mvua ya masika ikija mtaro utafunguka kuelekea baharini. Yaweke kwenye dumu, watengeneza sabuni watayafuata.

Kuhusu vifungashio, mwambie binti yangu huyo nimemsikia, na ana hoja, ila asianzie hapo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, tunayobebea kila kitu, nayo imetengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine. Ukiitumia mara moja na kuitupa, hujabadili kitu. Njia ya bei nafuu ni ya zamani: mteja wa mtaani aje na hotipoti au bakuli lake, mpunguzie kitu kidogo. Watoto watatumwa na vyombo kama sisi tulivyotumwa. Kwa wapita njia, chapati na samaki wa kukaanga vifungie jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, halafu karatasi juu. Mirija mpe anayeomba. Mezani weka jagi la maji safi na glasi, chupa za plastiki zibaki kwa anayezitaka mwenyewe.

Sola ni nzuri, siipingi. Lakini mtu akikufungia sola leo, itakuwa inalisha friji linalovuja. Ziba kwanza, pima token za miezi mitatu, ndipo uitishe bei. Utakuta unahitaji ndogo kuliko ile iliyokutisha. Kama unachemsha maji mengi ya kuoshea vyombo, tangi jeusi juu ya bati litayapasha jua la Tanga bila fundi wala mkopo.

Kitu kimoja kitakachoua haya yote ni ukiyafanya kuwa amri za mama mwenye mgahawa. Mpishi hana sababu ya kufunika sufuria ikiwa mkaa ni wako na faida ni yako. Mwisho wa mwezi chukua hela ya mkaa uliookolewa, nusu yake igawe jikoni, mbele ya wote, na daftari likiwa wazi. Na usimsahau muosha vyombo kwenye mgao. Yeye ndiye anayeona kila sahani inaporudi, na kwa uzoefu wangu ndiye wa kwanza kujua bakuli lilipobadilishwa.

Anza Jumamosi hii, siku yako nzito. Wiki mbili zikiisha niandikie namba za ndoo ya tatu, na uniambie bakuli lako la wali linabeba gramu ngapi likiwa limejaa.